Mwongozo kamili: kumpa mkandarasi mdogo kazi ya mtaro au barabara ya mtaa kwa nguvukazi, bila kuishia na shimo la mbu

Swali ninaloulizwa kila ikikaribia masika ni lile lile. Mkandarasi mdogo alipewa mtaro, akachimba nusu, vibarua wakagoma, mvua ikaja, sasa pale mtaani kuna bwawa na watoto wanatumbukia, tufanyeje? Ukweli ni kwamba ukifika hapo cha kufanya ni kidogo sana, kwa sababu makosa yalishafanyika miezi mitano nyuma, ofisini, kwenye kugawa kazi na kupanga malipo.

Nimesimamia mitaro na barabara za changarawe kama fundi sanifu huku Dar es Salaam, Temeke, Ubungo na Ilala, na kwa niliyoyaona mkandarasi mdogo anaposhindwa mara nyingi siyo kwamba hajui kazi, ni hela imemkaukia katikati ya saiti. Kwahiyo hatua ya malipo hapa chini ni ndefu kuliko nyingine, usiiruke. Mwongozo ni kwa aliye upande wa mwenye kazi: injinia wa halmashauri, mtu wa mradi, afisa mtendaji, au kamati ya mtaa iliyopata fungu. Fosi akaunti (taasisi kujenga yenyewe bila kumpa mkandarasi) siiongelei, ule ni utaratibu mwingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza chochote

- Hela iliyothibitishwa, siyo iliyoahidiwa
- Vipimo vya saiti ulivyopima mwenyewe kwa tepu na mpira wa levo (ule mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, mafundi wote wanao)
- BOQ (orodha ya vipengele vya kazi, vipimo na bei zake) na mchoro wa mtaro au barabara ikatwe vipi
- Akaunti ya taasisi kwenye mfumo wa NeST, maana tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia huko
- Barua ya makubaliano na serikali ya mtaa kuhusu nani anaajiri vibarua na kwa utaratibu gani
- Daftari la mahudhurio, kamba, vigingi, rangi ya kuwekea alama
- Namba ya mtu wa DAWASA (mamlaka ya maji) wa eneo hilo na ya fundi bomba mmoja anayekaa karibu (nitakuambia baadaye kwanini)
- Msimamizi wako wa saiti wa kila siku. Anayekuja Ijumaa kwa Ijumaa kupiga picha hatoshi

Hatua ya 1: Hakikisha kazi yenyewe inataka mikono

Siyo kila kazi inafaa nguvukazi. Zinazofaa ni kuchimba na kujenga mitaro ya mawe, kufyeka, kusambaza changarawe, kupanga mawe kwenye kingo, kutandika peva, kujenga karavati ndogo, kuzibua. Kubeba kifusi kwa toroli kunalipa ukiwa ndani ya mita 150 hivi, zaidi ya hapo unawachosha watu bure, kodi tipa au trekta. Kushindilia barabara kwa mkono hakuna kitu, lazima rola, hata ile ndogo ya kutembea nayo.

Mchanganyiko ndio jibu: watu wachimbe, wapakie, wasambaze na wajenge, mashine ibebe masafa na ishindilie. Ukiandika kwenye mkataba "kazi ifanyike kwa nguvukazi" basi bila kutaja ni vipengele vipi, mkandarasi ataleta mashine ya kijiko usiku, asubuhi mtaro umechimbwa, na wale vijana mliowaahidi ajira wako ofisini kwa mtendaji wanapiga kelele. Orodhesha kipengele kwa kipengele, hiki mikono, hiki mashine.

Hatua ya 2: Kata mzigo, na uangalie kalenda

Kwa Dar masika ni Machi mpaka Mei na vuli zinaanza kusumbua Oktoba. Dirisha lako la kuchimba ni Juni mpaka Septemba. Sasa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, watu wengi ndio wanaanza kuandaa nyaraka hapo, mpaka mkandarasi apatikane ni Oktoba na wingu limeshatanda. Andaa michoro, BOQ na makubaliano ya mtaa kuanzia Machi wakati mvua inanyesha, tena hapo ndipo unaona maji yanapita wapi kweli. Mchoro wa kiangazi huwa unadanganya.

Mzigo ukate uishe kwa wiki 8 mpaka 10. Mtaro wa kilomita 2 kwa mkandarasi mmoja wa daraja la chini ni kumtega. Mita 400 au 500 anazimudu kwa vibarua 30 na mafundi wachache wa mawe. Kilomita 2 zikupe mikataba minne.

Tahadhari hapa: kugawa manunuzi ili kukwepa utaratibu wa zabuni ni kosa kisheria. Vipande viandikwe wazi kama loti za zabuni moja, na sababu ya kugawa iwekwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Ukifanya hivyo mkaguzi hana neno na wewe.

Na anzia chini. Mtaro unajengwa kutoka maji yanapomwagikia kwenda juu, kwahiyo loti ya kwanza ni ile ya karibu na mto au mtaro mkubwa. Niliwahi kukuta mradi umeanzia juu kwa sababu huko ndiko alikokuwa anakaa mkubwa fulani wa mtaa, maji yote yakakusanywa vizuri kabisa na kumwagwa kwenye vyumba vya wapangaji wa chini. Kesi yake ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Hatua ya 3: BOQ ilipe kile unachokitaka

Kuna watu wanachukua BOQ ya kazi ya mashine wanabadilisha kichwa cha habari, alafu wanashangaa bei. Kwenye nguvukazi lazima uwe na mistari ya: vifaa vya mkono (sululu, chepe, toroli imara, siyo zile za tairi kipande cha plastiki), buti na glovu, maji ya kunywa na ya kumwagilia zege, nyapara wa kila kundi, na kutengeneza mabomba yatakayokatwa.

Hilo la mabomba nisikilizeni. Uswahilini huku mabomba yanapita juu juu, mengine yameungwa na mwenye nyumba mwenyewe, hayapo kwenye ramani ya mtu yeyote. Ukichimba mita 100 Manzese au Keko utakata kadhaa, hata uwe makini vipi. Kama BOQ haina hela ya fundi bomba na vipande vya nusu inchi, mkandarasi atafukia kimya kimya, jioni kina mama wanafungua koki hakuna maji, kesho asubuhi hakuna kazi inayoendelea hapo. Weka kiasi cha tahadhari, kilipwe kwa kilichotumika kweli.

Hatua ya 4: Mtafute, mchuje

Mkandarasi lazima awe amesajiliwa na CRB, ndiyo Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Madaraja ya kazi za barabara na majengo ni I mpaka VII, la saba ndio la chini kabisa, na kazi za namna hii ni saizi ya VI na VII. Usajili uhakiki mwenyewe kwa CRB, usiamini fotokopi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Usafi wa mitaro, kufyeka na matengenezo madogo ndiyo mahali pake hasa. Ila kikundi kiwe kimesajiliwa NeST kabla, msaidieni mapema kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, siyo siku mbili kabla zabuni haijafungwa mnaanza kutafutana.

Jambo linalotuumiza sana ni leseni za kukodi. Kampuni ina jina, mwenyewe yuko sijui wapi, aliyepo saiti ni mtu kapewa karatasi kwa asilimia. Dawa yake ni ndogo tu, andika kwenye masharti kwamba kutembelea saiti ni lazima na aje mtu atakayesimamia kazi, alafu siku hiyo tembea naye mtaro wote na umuulize maswali ya kawaida. Mawe utatoa wapi? Tipa litageuzia wapi? Vibarua utawalipa siku gani? Mwenye kazi anajibu huku anaangalia ardhi. Mwenye karatasi anapiga simu.

Alafu nenda kaone kazi aliyomaliza mwaka juzi. Ya mwezi jana bado inang'aa, haikuambii kitu.

Bei ya chini kupita kiasi iogope. Piga hesabu ya vibarua na saruji peke yake, kama jumla ya bei yake haifiki hata hapo, mtake aeleze kwa maandishi kabla ya kumpa kazi.

Hatua ya 5: Wafundishe kwa mita 20

Kabla ya kuanza rasmi, mjenge mita 20 za mfano. Msimamizi wako, mkandarasi, manyapara na mafundi wawili watatu, siku tatu nne hivi. Mnakubaliana hapo mteremko, unene wa ukuta, udongo wa saruji uchanganywe vipi (kwa kujengea mawe, saruji 1 kwa mchanga 4 inatosha), na matundu ya kutolea maji nyuma ya ukuta yakae wapi. Zile mita 20 zikikubaliwa ndizo zinakuwa sheria ya saiti. Mkibishana mwezi wa pili mnakwenda kuziangalia.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, mafunzo ya teknolojia ya nguvukazi yamekuwa yakitolewa miaka mingi pale Mbeya, chuo cha ATTI cha zamani, siku hizi kiko chini ya ICoT, chuo cha teknolojia ya ujenzi. Mkandarasi aliyepita huko utamjua kwa jinsi anavyogawa kazi asubuhi.

Hatua ya 6: Vibarua, na nafasi zisiuzwe

Tangazo libandikwe ofisi ya mtaa na msikitini na kanisani, litaje idadi, malipo na siku ya kujiandikisha. Wakizidi nafasi piga kura ya vikaratasi hadharani. Kura inaonekana ya kitoto ila inaua ile biashara ya nyapara kuuza nafasi, ambayo ipo, tusidanganyane.

Chini ya miaka 18 hapana, hii ni kazi ya hatari kisheria. Kila mtu aandikwe jina, namba ya simu ya malipo yenye jina lake, na mtu wa kupigiwa akiumia. Mkandarasi awe na usajili wa WCF, maana kibarua akikatwa na sululu mguuni gharama ziende kwenye mfuko wa fidia na siyo kwenye mchango wa wenzake. Saiti nayo isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Wanawake wape nafasi kwa makusudi, na muda wa kuanza uwe saa moja kamili ili ifikapo mchana wawe wamemaliza. Wakijua wataondoka mapema wanajitokeza wengi.

Hatua ya 7: Gawa kazi kwa kipande

Kibarua wa kutwa anafanya kazi ukimwangalia. Wa kipande, yaani aliyepewa kipimo chake cha siku na akikimaliza anaondoka, anafanya kazi aende nyumbani. Ndiyo tofauti yote.

Kipande kinapatikana kwa hesabu. Udongo laini mtu mmoja anachimba kama mita za ujazo 5 kwa siku, mgumu 3, mgumu sana 2. Mtaro wako una upana wa sentimita 60 na kina sentimita 50, kila mita moja ya urefu ni mita za ujazo 0.3. Kwa udongo mgumu, 3 gawanya kwa 0.3, ni mita 10 kwa mtu. Hiyo ni ya kuanzia tu, kwenye kichochoro chenye taka za miaka kumi na maji ya bafuni yanapita katikati mita 10 ni mateso, shusha mpaka 7 au hata 6.

Utajuaje umepatia? Angalia saa wanayoondoka. Kuna mama mmoja kwenye saiti ya Mbagala alikuwa na kijiti chake amekikata sawa na kina cha mtaro, anachimba, anatumbukiza kijiti, anasogea. Siku ya pili nikamkuta anaosha buti.

"Mama, mbona mapema?"

"Nimemaliza baba, njoo upime."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Udongo ulikuwa mchanga mtupu mimi nimempa kipande cha udongo mgumu, mzembe ni mimi. Wengi wakiondoka saa tatu, nne, ongeza kipande kesho yake (kesho, siyo leo leo, utapigwa mawe). Wakiwa bado wapo saa kumi jioni, punguza. Ukiona kundi kubwa linamaliza kati ya saa sita na saa nane mchana umekaa sawa.

Weka alama ya kipande kwa vigingi na rangi jioni ya jana yake. Wakifika asubuhi kila mtu aikute sehemu yake, vinginevyo saa nzima inapotea kwenye kubishana.

Hatua ya 8: Malipo, hapa ndipo saiti zinapofia

Chukua mfano. Vibarua 30, kila mmoja 12,000 kwa siku, ni 360,000 kwa siku. Siku 6 ni 2,160,000. Wewe unalipa cheti cha kwanza (karatasi ya kazi iliyopimwa ili ilipwe) baada ya wiki 8 kwa sababu "utaratibu ndio ulivyo", basi mkandarasi wa daraja la VII anatakiwa awe na 17,280,000 mfukoni za vibarua tu, bado mawe, saruji, tipa. Hana. Angekuwa nazo asingekuwa daraja la VII. Kwahiyo anakopa kwa riba za mtaani, anachelewesha vibarua, wanapunguza kasi, wanagoma, na wewe unamwandikia barua ya onyo wakati hela yake iko mezani kwako.

Kwahiyo fanya hivi:

1. Toa malipo ya awali kama mkataba unavyoruhusu. Yanataka dhamana, na benki zinawasumbua wadogo, ila CRB wana mfuko wa kusaidia makandarasi unaotoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Mwambie aulizie huko mapema, kabla hajasaini.

2. Pima na tengeneza cheti kila baada ya wiki 2. Msisubiri kazi ifike asilimia fulani. Siku ya kupima iwe moja, mfano kila Alhamisi ya pili, injinia, mkandarasi na mjumbe wa kamati ya mtaa wakiwepo wote na kusaini pale pale.

3. Andika siku za mwisho za kulipa kwenye mkataba, na kabla ya kuandika kaa na mhasibu umuulize kwa kweli inachukua siku ngapi. Kama ni 28 andika 28 na mkandarasi ajipange, kuliko kuandika 14 za uongo.

4. Risiti ya EFD, ankara, cheti, picha, mpe mkandarasi orodha ya viambatisho siku ya kusaini mkataba. Nimeona cheti kimekaa wiki tatu kwa sababu ya karatasi moja ambayo hakuna aliyemwambia.

5. Vibarua walipwe kila wiki au kila wiki 2 kwa simu, na ya kutolea ihesabiwe kwenye malipo. Orodha ya waliolipwa ibandikwe ofisi ya mtaa. Cheti kinachofuata kisisainiwe kama orodha ya kilichopita haina uthibitisho.

Hiyo ya tano ndiyo kinga yako. Kuna saiti moja mkandarasi tulimlipa kwa wakati, akaenda kulipia kiwanja, vibarua wakaja kwangu. Wanakuja kwako siku zote, yeye simu imezimwa.

Mambo yakienda sawa siku ya malipo hutaiona. Hakuna foleni wala kelele, simu zinalia mlio wa meseji mfukoni na watu wanaendelea kubeba mawe.

Hatua ya 9: Kagua kila siku kwa vifaa vya bei rahisi

Mteremko wa mtaro wa mawe uwe angalau sentimita 10 kila mita 10, sehemu tambarare sana ukikosa kabisa ushuke mpaka 5. Pima kwa mpira wa levo kabla mawe hayajapangwa. Baada ya kujenga mwaga ndoo ya maji juu, yakisimama sehemu, hapo pavunjwe leo, kesho saruji imeshakaza na utaona huruma.

Barabara ya changarawe ya upana wa mita 5, katikati iwe juu kuliko pembeni kwa kama sentimita 15. Wengi wanaiacha bapa kwa sababu ikiwa kavu inapendeza, mvua mbili tu ni mashimo. Changarawe ishindiliwe kwa tabaka lisilozidi sentimita 15, na iwe na unyevu: kamata kiganjani, fumba, ikishikana bila kutoa maji ni sawa.

Bomba la karavati lisiwe chini ya milimita 600. Dogo zaidi ya hapo mtu haingizi chepe kuzibua, na Dar litaziba, chupa za plastiki tu zinatosha.

Zege na mawe yamwagiliwe siku 7, yafunikwe magunia. Hii inaachwa sana kwa sababu maji yananunuliwa kwa ndoo, ndiyo maana nikasema iwekwe kwenye BOQ.

Hatua ya 10: Kupokea kazi na kipindi cha matazamio

Tembea mtaro wote na mkandarasi na watu wa mtaa, andika kasoro kwa mita ("mita 112 kushoto, matundu hayapo"), toa tarehe ya kurekebisha, alafu ndio cheti cha kumaliza. Makato mliyoshikilia kwenye malipo yake yarudishwe sehemu hapo, nyingine mwisho wa matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika na kasoro), na hakikisha hicho kipindi kinapitiwa na masika moja. Mtaro uliopokelewa Agosti na kufungwa Februari hujaujaribu.

Kabla vibarua hawajatawanyika chagua wale 6 au 8 waliokuwa wazuri, waunganishe kwenye kikundi, wasajiliwe, wapewe kazi ya kuzibua mtaro huo huo kwa fungu la matengenezo. Wanajua kila jiwe limekaa wapi, na jirani anayemwaga taka usiku wanamjua kwa jina. Simu zao ninazo za saiti zote nilizopita, na wiki ya mwisho ya Februari huwa nawapigia kuuliza kama magunia na chepe vipo.